Buti jepesi la barafu: geuza kwanza uone soli

Ikifika mwezi wa sita simu yangu hujaa picha za viatu. Wanaozituma ni vijana wa Moshi na Arusha niliofanya nao kazi mlimani, na swali lao ni lile lile: "Kaka, hili linafaa?" Juzi imeingia ya mdogo wangu mmoja aliyealikwa na wageni wake kwenda kupanda barafu Chamonix, Ufaransa, mwezi wa nane. Kashika buti refu la kijani, zuri kwelikweli, kalipata mtumbani kwa bei ya kutupa. Nikamjibu: ligeuze nione chini.

Najua mtacheka. Tanga na barafu wapi na wapi? Huku kwetu barafu ni ile ya ukwaju wanayolamba watoto, au mabonge wanayopakia wavuvi pale Deep Sea. Lakini nimeongoza wageni Kibo na Mlima Kenya miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani Ngamiani, na Alps, milima ya Ulaya iliko hiyo Chamonix, nimefika vilevile, kwa hiyo acheni niseme ninachokijua.

Tuanze na kiangazi chenyewe. Kiangazi cha Ulaya huangukia kwenye kipupwe chetu. Kule milimani usiku maji yanaganda, mchana jua linageuza theluji kuwa uji. Ndiyo maana watu huondoka saa nane za usiku, wakapanda barafu ikiwa bado imeshikamana, na jua likichachamaa wawe wanashuka. Baridi ipo, ila si ile ya kukatisha vidole. Buti la safu mbili, lile gumu la plastiki linalopanda milima ya mita 6,000 na zaidi, huko ni mzigo wa bure. Jozi yake inapita kilo 2. Mepesi ya siku hizi, mfano wa La Sportiva Trango au Scarpa Ribelle, huwa kati ya kilo 1.2 na 1.5 kwa jozi. Wakongwe wa mlima husema kilo moja mguuni ni kilo tano mgongoni. Ukishatembea saa kumi, mwinuko mtupu, hutabishana nao.

Sasa wepesi huo umetolewa wapi? Mara nyingi umetolewa kwenye soli, na soli ndiyo inayobeba kramponi.

Kramponi ni njumu, kama za mpira, isipokuwa hizi ni za chuma, zina meno kumi au kumi na mawili, na unazifunga chini ya buti. Mpanda milima Mwingereza, Oscar Eckenstein, alichora za meno kumi mwaka 1908, fundi Henry Grivel wa Courmayeur, Italia, akazifua. Mwaka 1929 mwanawe Laurent akaongeza mawili yanayochungulia mbele. Kabla ya hayo mawili, ukikuta ukuta wa barafu unachonga ngazi kwa shoka, hatua moja baada ya nyingine. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, wa kwanza kujulikana kufika kilele cha Kilimanjaro, walichonga hivyo hivyo Kibo mwaka 1889. Meyer huyo ndiye aliyekamatwa na watu wa Abushiri, yule aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, mwaka mmoja nyuma, akaachiwa Pangani, hapo kusini kwetu, baada ya kulipa fidia. Sijui kwa nini shuleni hatukufundishwa habari hizi mbili pamoja.

Ukipanda kwa meno ya mbele, mwili wote unasimama juu ya vipande viwili vya chuma. Soli ikikunjika, kisigino kinashuka, na shavu la mguu ndilo linalokushikilia. Tena kramponi yenyewe haikunjiki kama buti, kwa hiyo kila soli inapojikunja inaisukuma, mpaka ichomoke au chuma kichoke na kukatika. Waingereza wamezoea kuyapanga mabuti kwa ugumu, B0 hadi B3, na kramponi C1 hadi C3. B0 ni kiatu cha kutembelea, usikifunge kramponi. B1 linabeba C1, zile za mikanda mbele na nyuma. B2 ni gumu zaidi, na nyuma ya kisigino lina ukingo unaotokeza, hapo ndipo wenzo wa C2 unapobana; mbele kunabaki kikapu laini cha plastiki. B3 halikunjiki, lina ukingo mbele na nyuma, nalo ndilo linalokubali C3, yenye waya mnene unaokaa kwenye ncha ya buti.

Kwa safari ya huyu bwana mdogo, jibu langu ni B2 na kramponi za C2, za chuma cha pua au chuma cha kawaida. Za alumini ni nyepesi mno, lakini ni za theluji. Ukizipitisha kwenye mwamba na barafu ngumu meno yanaisha. Wapo watakaomwambia achukue B3 moja kwa moja. Sikatai, kwenye ukuta mrefu wa barafu tupu B3 linapumzisha miguu. Ila njia za kiangazi huchanganya: saa mbili za mawe, kipande cha barafu, mwamba tena. B3 juu ya mawe unatembea kama umevaa kwato.

Mahali nisipokubali buti jepesi ni hapa hapa jirani. Upande wa kusini wa Mlima Kenya, Julai hadi Septemba, uko kivulini, na huko ndiko iliko Diamond Couloir, mfereji uliojulikana kwa barafu, ambao Phil Snyder na Thumbi Mathenge waliupanda kwa mara ya kwanza mwaka 1973. Mlima uko kwenye ikweta, lakini alfajiri karibu na mita 5,000 vidole havijui habari za ikweta. Kule vaa lenye bitana ya joto.

Kupima ugumu hakuhitaji maabara. Mimi hupanda kwenye ukingo wa baraza, nikasimama kwa ncha za buti tu, visigino vikining'inia, nikahesabu mpaka sitini. Buti laini litakutetemesha kabla ya thelathini. Kisha piga ukuta teke kwa ncha, mara tano sita: kidole kikigusa mbele, dogo hilo, na ukishuka mlima utaziacha kucha njiani. Lijaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na soksi utakayoivaa kweli. Halafu livalishe buti kramponi yako mwenyewe, si ya dukani, wenzo ufunge kwa mlio, kisha uishike kramponi na kulitikisa buti lining'inie. Likicheza, haviendani, hata kama namba zinakubaliana kwenye karatasi. Meno ya mbele yatokeze sentimita 2 au 3 tu.

Narudi kwenye lile la kijani. Soli ilikuwa haijalika hata kidogo, mwenyewe akaona ni bahati. Mimi ndipo nilipoingiwa na wasiwasi. Kati ya mpira wa chini na ngozi kuna soli ya kati, na katika mabuti mengi ni sponji ya poliyurethani. Sponji hiyo huliwa na unyevu taratibu, hata buti likiwa kabatini. Kukaa bila kuvaliwa hakuiponyi. Jozi yangu ya kwanza niliiweka hapa Tanga miaka sita, kwenye boksi lake, nikijisifu kwa utunzaji. Nilipoitoa nikaibonyeza kwa ukucha, ikamomonyoka kama kashata. Soli ya kushoto ikabaki mkononi. Nashukuru nilikuwa sebuleni.

Nikamwambia abonyeze. Akanitumia video: nyufa nyembamba pembeni, na unga mweusi kwenye kidole. Kalirudisha. Muuzaji kagoma kurudisha hela, kampa jaketi.

Siku hizi mabuti yangu naacha kwa rafiki Moshi, kwenye hewa kavu. Hapa nimebaki na kramponi, nazipaka mafuta kwa ajili ya chumvi ya bahari na kuzifunga kwenye kanga kuukuu. Jana jirani yangu, mzee aliyekuwa mkwezi, alinikuta nazo barazani. Akagusa jino la mbele kwa dole gumba, akatazama mnazi wake, akanitazama mimi.

"Ukijaribu kupandia hizo kwangu," akasema, "mnazi utanilipa."