Kwa Nini Redio ya CB Hukwaruza Gari Likiwashwa?

Injini ikiwa imezimwa, redio ya CB, ile ya kuongea kati ya gari na gari, inasikika vizuri. Ukiwasha gari tu, mkwaruzo unaanza, na ukikanyaga mafuta unazidi kasi. Madereva wa malori wa Marekani wanaufahamu usumbufu huu tangu miaka ya 1970, walipotegemeana kwenye CB kuambizana kituo gani kina dizeli na askari wa barabarani wamejificha wapi.

Kwenye gari la petroli, mkosaji wa kwanza ni plagi. Kila cheche ya plagi hurusha mawimbi ya redio. Mitambo ya mwanzo ya Marconi, mmoja wa waanzilishi wa redio, ilirusha ujumbe kwa cheche hizohizo. Cheche haichagui masafa. Mawimbi yake humwagika kote, pamoja na megahezi 27 ambako CB hufanyia kazi.

CB nyingi hutumia AM, yaani sauti hubebwa na kupanda na kushuka kwa nguvu ya wimbi. Cheche nayo huongeza nguvu kwa ghafla, na redio huipokea kama sehemu ya maongezi. FM hubeba sauti kwa kubadilisha masafa, kwa hiyo husumbuliwa kidogo sana. Uingereza ilipohalalisha CB mwaka 1981 ilianza na FM. Marekani iliruhusu FM kwenye CB mwaka 2021 tu.

Lori la dizeli halina cheche, lakini lina oltaneta, mtambo unaochaji betri, ambayo hutoa mlio kama filimbi unaopanda kadiri injini inavyozunguka. Siku hizi wameongezeka wakorofi wengine: chaja za simu za bei poa, taa za LED na inveta (vifaa vya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani). Ndani yake umeme hukatwa na kurudishwa maelfu ya mara kwa sekunde.

Kabla ya kununua kifaa chochote, jua kelele inaingilia wapi. Chomoa antena huku injini inanguruma, usikilize. (Usibonyeze maiki wakati huo, kurusha bila antena kunaweza kuunguza redio.) Kelele ikibaki, inapita kwenye waya wa umeme. Vuta nyaya zote mbili, chanya na hasi, moja kwa moja hadi kwenye betri, na fyuzi iwe karibu na betri. Mara nyingi hilo linatosha, na kichujio cha waya ni cha kufikiria baadaye.

Kelele ikikatika, inaingilia kwenye antena. Hapo kazi ni ndefu zaidi: plagi zenye rezista, waya wa ardhi wa kuunganisha boneti na ekzozi na bodi, kitako cha antena kilichokwanguliwa rangi na kutu ili chuma kiguse chuma. Zima chaja na taa moja baada ya nyingine mpaka umkamate mwenye kosa.

Kitufe cha NB (kizuia kelele) kwenye redio husaidia dhidi ya cheche, kwa sababu huziba sikio la redio kwa kitambo kifupi sana kila mdundo unapopita. Kitufe cha SQ (skwelchi) hunyamazisha spika tu wakati hakuna anayeongea. Ukiikaza mno, inawanyamazisha na wenzako walio mbali.

Na kuna siku gari halina hatia. Jua likiwa na madoa mengi, kama hutokea kila baada ya miaka 11 hivi, tabaka la juu la angahewa hurudisha mawimbi haya duniani, na sauti za watu walio umbali wa maelfu ya kilomita hujazana kwenye chaneli yako. Hilo halina spana. Badili chaneli, au subiri usiku uingie.