Buabua ni ndege gani, na Ziwa Tanganyika unamtambuaje?

Buabua ni ndege wa maji wa ukoo mmoja na shakwe, ila mwembamba zaidi: mabawa marefu yaliyochongoka, miguu mifupi, mdomo mwembamba. Wengi humjua kama ndege wa Pwani tu, lakini wapo buabua wa maji baridi, na Kigoma tunao. Ukiwa mwalo wa Kibirizi, ndege anayetembeatembea karibu na dagaa walioanikwa huenda ni shakwe. Buabua mtafute hewani, juu ya maji.

Anayeonekana sana kwenye maziwa yetu ya bara ni buabua mabawa-meupe, mwenye urefu wa sentimita 20 na ushei. Huzaliana kwenye vinamasi vya Ulaya Mashariki na Asia, kisha huja huku kukwepa baridi. Hapa ndipo watu wanapopotea. Picha vitabuni humwonyesha mweusi tii mwilini, ilhali wa Desemba ziwani ni mweupe na kijivu. Ni ndege yuleyule. Ule weusi ni manyoya ya msimu wa kuzaliana, yakishapita huvaa mengine. Machi na Aprili, kabla hajaondoka, utamkuta ana mabaka meusi tumboni. Si mgonjwa huyo, anabadilisha manyoya.

Kwa hiyo usianze na rangi ya mwili, anza na kichwa. Mabawa-meupe ana doa jeusi nyuma ya jicho, linashuka chini ya usawa wa jicho kama hedifoni. Buabua masharubu, anayefanana naye mno, ana weusi unaotoka jichoni hadi kisogoni bila kushuka. Akigeuka, angalia mgongo pale unapokutana na mkia: wa mabawa-meupe ni mweupe, wa masharubu ni kijivu.

Mimi huvutiwa zaidi na ulaji wao. Buabua wengi wa baharini hujitupa majini kichwa mbele. Hawa wawili ni nadra kufanya hivyo. Huruka polepole wakikabili upepo, kichwa kimeinama, mara mmoja anashuka, ncha ya mdomo inagusa maji, ameshaokota mdudu au samaki mdogo, anapanda bila kulowa.

Ukitaka kuwatafuta mbali na ziwa, nenda bonde la Malagarasi-Muyovozi, linalogusa Kigoma na Tabora. Ndilo eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000.