Viambato kumi na viwili vya unga wa lishe na kifungua kinywa cha mtoto

Zinapofanyika Siku za Afya na Lishe katika mitaa ya Dar es Salaam, kila robo ya mwaka, swali ambalo maofisa lishe huulizwa kuliko mengine yote halihusu kadi ya kliniki wala matone ya vitamini A, bali unga wa lishe, yaani mchanganyiko wa nafaka nyingi, karanga, soya na dagaa, wakati mwingine hadi viambato kumi na viwili, vinavyosagwa pamoja kwa ajili ya uji wa mtoto: uchanganywe nini na nini, na kwa vipimo gani. Swali hilo sasa huja pamoja na malalamiko, kwamba unga una uchungu, kwamba mtoto anaharisha au tumbo linajaa gesi, au kwamba uzito hauongezeki ingawa anakunywa uji asubuhi na jioni. Kwa hiyo imeonekana vyema kueleza kwa maandishi kwa nini mchanganyiko huo hatuupendekezi, na nini kinaweza kuandaliwa na familia ambayo saa 11 alfajiri inapaswa kuwa imeshaamka ili kuwahi gari la shule na foleni ya Mbagala au Kimara.

Ieleweke kwamba hakuna anayewalaumu wazazi. Mchanganyiko huu ulianza kwa nia njema, kwa sababu mzazi asiye na muda aliona ni rahisi kupeleka kila kitu kwenye mashine ya kusaga mara moja na kuondoka na mfuko utakaomtosha miezi miwili. Hata hivyo, mtu aliyechanganya mahindi, mchele, ngano, mtama, ulezi na uwele hajampa mtoto vyakula vya makundi 6, bali amempa vyakula 6 vya kundi moja. Mwongozo wa kitaifa wa ulaji wa mwaka 2023 unataja makundi 6 ya chakula, na nafaka zote hizo, pamoja na mizizi, viazi na ndizi za kupika, zimo katika kundi 1 tu. Kula makundi 6 si kuyasaga makundi 6, jambo ambalo tumelirudia mara nyingi kiasi kwamba tulidhani limeshaeleweka.

Tatizo linazidi pale zinapoongezwa karanga, soya na dagaa. Karanga na soya zina mafuta, na mafuta yaliyosagwa yakakaa katika joto la Dar es Salaam huanza kuchacha baada ya muda mfupi. Uchungu unaolalamikiwa mara nyingi chanzo chake ni hicho, wala si dawa iliyowekwa na muuzaji kama wengine wanavyosema. Soya iliyosagwa mbichi ina kemikali zinazozuia mwili wa mtoto kuyeyusha protini, na kemikali hizo huondolewa kwa kuchemsha au kukaanga vizuri kabla ya kusaga, si kwa uji kutokota dakika 5. Zaidi ya hayo, viambato hivi haviivi kwa muda mmoja, na mama anayeipua uji baada ya kuona unga wa mchele umeiva hana namna ya kujua kama soya nayo imeiva.

Lililo zito zaidi ni sumukuvu. Sumu hii hutengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mazao ambayo hayakukauka vizuri, na mazao yanayoshambuliwa zaidi ni mahindi na karanga, yaani vile vile viambato viwili ambavyo karibu kila mfuko wa unga wa lishe unavyo. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kutokana na sumu hii na 20 kati yao walifariki. Tukio la namna hiyo huonekana na kila mtu. Lisiloonekana ni mtoto anayekula kiasi kidogo kila asubuhi kwa miaka, kwa kuwa sumukuvu huharibu ini na imehusishwa na udumavu. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka 5 nchini wamedumaa, na si wote wametoka katika nyumba zisizo na chakula.

Tunaombwa kila mara tuseme sumu hiyo inaondolewaje wakati wa kupika. Haiondolewi. Kuchemsha, kukaanga na kuoka hakuimalizi, na kuanika juani unga ulioota ukungu ni kujidanganya. Kinachosaidia hufanyika kabla ya kusaga: mahindi yakaushwe hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, na punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au kutobolewa na wadudu zichambuliwe na kutupwa, zisipelekewe kuku. Kukoboa pia hupunguza sumu, kwa sababu sehemu kubwa yake hukaa kwenye pumba na kiini, ingawa virutubishi navyo huondoka kwa njia hiyo hiyo. Ndiyo maana anayetumia sembe anashauriwa kununua iliyoongezwa virutubishi.

Uji unaofaa kwa asubuhi yenye haraka ni wa nafaka moja, ulezi au mahindi au mtama, uliosagwa kidogo kidogo kwa matumizi ya wiki chache. Unga ulowekwe kwa maji safi usiku, au uachwe uchachuke kidogo kama bibi zetu walivyofanya, kwa kuwa kuchachusha hurahisisha mwili kupata madini yaliyomo, na asubuhi uji huiva upesi. Makundi mengine yaingie sufuriani au bakulini: maziwa yaliyochemshwa, kijiko cha karanga zilizochambuliwa na kusagwa siku chache zilizopita, au yai lililopigwa na kukorogwa uji ukiwa bado unatokota. Tunda liliwe pembeni. Uji uwe mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko bila kumwagika, kwa sababu tumbo la mtoto ni dogo na uji mwepesi hulijaza maji. Hapa ni lazima tuseme wazi kwamba kutoboa chuchu ya chupa ili uji upite si njia ya kulisha mtoto. Mtoto aliyefikia umri wa kula uji amefikia umri wa kijiko.

Si lazima kila asubuhi iwe ya uji. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vikimenywa usiku na kuachwa kwenye maji, hukatwa vipande vidogo na kuiva katika dakika zisizozidi 20, na mayai yaliyooshwa yanaweza kuchemshwa katika sufuria hiyo hiyo, jambo ambalo mwenye mtungi mdogo wa gesi atalithamini. Ongeza parachichi au papai na umemaliza. Kiporo nacho kinadharauliwa bila sababu, kwani wali na maharage ya jana ni kifungua kinywa bora kuliko biskuti na juisi ya boksi, ilimradi kiwe kimewekwa kwenye friji ndani ya saa 2 baada ya kupikwa na kikapashwa hadi kitoe mvuke kote. Wali uliolala juu ya meza usipewe mtoto hata ukipashwa vipi, kwa kuwa kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili moto wa kupikia, huamka wali unapopoa, na sumu yao haiharibiwi na kupasha. Asiye na friji asilaze wali.

Chai ya rangi huzuia mwili kupata madini ya chuma, kwa hiyo isiandamane na mlo wa mtoto. Andazi na chapati si haramu, lakini peke yake na chai ni unga, mafuta na sukari. Mtoto apate na maharage. Supu iliyochujwa, nyama akala baba, haina cha kujivunia. Asali isitolewe kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1, na karanga nzima kwa walio chini ya miaka 5 zinaweza kuwapalia.

Kwa wanaouza unga wa watoto, tangu tarehe 1 Julai 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, na mjasiriamali mdogo anayeanza huchukua barua ya utambulisho kwenye Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) ili ahudumiwe na Shirika la Viwango bila gharama. Baada ya maombi, jengo hukaguliwa, sampuli huchukuliwa na kupelekwa maabara, na leseni ya kutumia alama ya ubora hutolewa pale tu majibu yanapokidhi kiwango. Kifungashio kioneshe jina la bidhaa, viambato vyote, uzito, nambari ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, pamoja na jina na anuani ya mtengenezaji. Maneno kama «hutibu upungufu wa damu» hayaruhusiwi. Bidhaa isiyokidhi matakwa huzuiliwa isiuzwe, hatimaye inaweza kuteketezwa kwa gharama za mwenye mali, na mhusika anaweza kufikishwa mahakamani chini ya Sheria ya Viwango ya mwaka 2009, ambako adhabu ni faini, kifungo, au vyote kwa pamoja. Kudai kwamba unauzia majirani tu hakubadilishi hatua hizo.

Mzazi mwenye malalamiko kuhusu unga alionunua aupeleke kwa afisa afya wa kata ukiwa ndani ya mfuko wake wa awali, usihamishiwe kwenye kopo, na aache kumpa mtoto tangu siku aliposhuku. Unga uliomwagwa hauwezi kupimwa, na picha ya simu haipimwi maabara.