Mbaguzi wa filamu si lazima awe na kidonda

Miswada ya filamu za kusisimua inayonifikia ina ukurasa uleule: mbaguzi anakumbuka. Baba aliuawa, duka lilichomwa, dada alitekwa. Watunzi wanaamini kwamba bila kisengerenyuma hicho, yaani kurudi kwenye yaliyopita, mhusika hataeleweka. Si kweli, na imani hii inaua kazi nzuri.

Tazama filamu ya Soft & Quiet ya Beth de Araújo (2022). Emily, mwalimu mzungu wa chekechea, anasubiri na mtoto ambaye mama yake amechelewa. Anamwona mfanyakazi wa usafi, asiye mzungu, akipiga deki. Kwa sauti ya upole anamtuma mtoto akamwambie mfanyakazi yule asipige deki mpaka yeye mtoto aondoke, asije akateleza. Hakuna tusi. Mtoto amefundishwa kumwamrisha mtu mzima, na sisi tuliolelewa kwa shikamoo tunaliona hilo haraka. Muda si mrefu Emily yuko kanisani na wanawake wenzake, mezani kuna pai yenye swastika, alama ya Wanazi. Filamu imejengwa ionekane haina mkato, kwa hiyo kati ya deki na pai mtazamaji hapati pa kuvutia pumzi. Manung'uniko wanayo, mmoja hakupandishwa cheo, lakini filamu haiyafanyi kuwa udhuru.

Get Out ya Jordan Peele (2017) ni hivyohivyo: askari anadai kitambulisho cha Chris, kijana mweusi, ilhali dereva alikuwa Rose, mpenzi wake mzungu. Askari hana historia yoyote, wala haihitaji.

Hapa lakini nasita. Watu Wote ya Katja Benrath (2017), iliyotokana na shambulio la al-Shabaab dhidi ya basi huko Mandera, Kenya, Desemba 2015, ambapo abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo, inampa Jua, abiria Mkristo anayewashuku Waislamu, kidonda kikubwa: mume na mtoto waliouawa. Katika dakika 22 hiyo ni njia ya haraka ya kutusogeza kwake, na inafanya kazi. Ila mtazamaji ambaye kwenye basi hukwepa kiti kando ya Msomali, bila kufiwa na yeyote, anaponea hapo. Anajiona ndani ya Jua, na anajisamehe kwa msiba usio wake. Sijui ningeandikaje vizuri zaidi kwa muda ule.

Kwenye muswada wako, futa kisengerenyuma, kisha usome tendo lenyewe. Kama halichomi, tendo ni bovu, libadilishe, usilipambe. Siku ya kupiga picha, kamera ibaki kwa aliyeambiwa neno la kibaguzi mpaka aamue kujibu au kunyamaza. Ukikimbilia macho ya msemaji umeshamfanya shetani, na mtazamaji atakaa mbali naye. Muziki uzime kabisa. Usiweke shahidi wa kukemea papo hapo. Wengine waliopo waendelee na shughuli zao.

Hatari moja inabaki. Mwenye chuki ileile anaweza kulitazama onyesho hilo na kuburudika. Kamera ikibaki kwa aliyeambiwa hatari inapungua, haiishi.