Acheni kuisingizia anime

Nimeulizwa tena, safari hii na kijana anayeijua Naruto, moja ya anime, yaani katuni za Kijapani, nje ndani: kwa nini Wajapani wa siku hizi wanachora wanaume warembo kama wasichana, ilhali babu zao walikuwa samurai, wapiganaji, wanaume wa shoka? Swali hili limenichosha. Lina makosa mawili ndani yake, na la pili ndilo linaloniudhi hasa.

La kwanza, kudhani kwamba mambo haya ni ya siku hizi, nalimaliza haraka. Karne ya 12, samurai ndio kwanza wanashika dola, wachezaji wa kike walioitwa shirabyoshi walikuwa wakiwatumbuiza wakubwa hao wakiwa na kofia ndefu ya kiume kichwani na upanga kiunoni. Karne hiyohiyo kuna Torikaebaya Monogatari, kisa cha ndugu wawili, wa kiume analelewa kike na wa kike analelewa kiume, na wote wanaishia kutumikia katika kasri la mfalme. Mwaka 1603 mwanamke aitwaye Okuni anacheza Kyoto akiwa amevaa kama kijana mtanashati wa mjini, na ngoma yake ndiyo inayozaa kabuki, maigizo ya jukwaani ya Kijapani. Samurai walikuwapo, tena walikuwa watazamaji.

Kosa la pili ni kuamini kwamba mwanamume anayecheza mwanamke jukwaani anatoboa siri ya nafsi yake. Vitabu vya kufundishia vinachangia upotofu huu kwa kurahisisha historia. Vinasema utawala wa Tokugawa uliwapiga marufuku wanawake jukwaani mwaka 1629, basi onnagata, wanaume wanaocheza wanawake kwenye kabuki, wakazaliwa. Wanaume waliocheza wanawake walikuwapo kabla ya hapo, na amri yenyewe ilibidi irudiwe, maana yake haikutiiwa mara moja. Nafasi ikashikwa na wakashu, yaani wavulana ambao bado hawajanyoa nywele za mbele. Nao wakafungiwa mwaka 1652 kwa sababu zilezile: ukahaba na ugomvi wa watazamaji. Kabuki iliporuhusiwa tena, waigizaji walitakiwa kunyoa nywele za mbele kama wanaume wazima, ili mvuto uwapungue. Onnagata wakaziba upara huo kwa kitambaa cha zambarau, na kitambaa kikawa urembo mpya uliowapagawisha watu. Hiyo ni kazi ya sheria na biashara, kabla hujafika kwenye nafsi ya mtu yeyote.

Halafu wanasema onnagata "anaiga mwanamke". Mtazameni vizuri! Mabega yanavutwa nyuma na kushushwa mpaka mgongo unaonekana mwembamba. Magoti yamekunjwa kidogo na kubanwa, vidole vya miguu vimeelekea ndani, viganja vimezama kwenye mikono ya kimono. Hakuna mwanamke wa Edo, Tokyo ya leo, aliyekwenda sokoni hivyo. Hizi ni kata, alama zilizochongwa na kurithishwa, na mwigizaji wa miaka 60 anazitumia kuwa binti wa miaka 16 bila mtu kulalamika.

Ushahidi ninaoupenda ni Benten Kozo, mhusika katika tamthilia ya kabuki ya Kawatake Mokuami ya mwaka 1862. Binti wa samurai anaingia dukani kuchagua vitambaa vya harusi, mpole, anaona haya hata kuinua uso. Inagundulika ni mwizi wa kiume. Papo hapo sauti inashuka, anaketi kitako huku magoti kayapanua, anavuta kiko, kisha anatoa mkono kwenye kimono na bega lote limejaa tatuu. Sasa anajitangaza jina kwa mbwembwe, wigi la kibinti likiwa bado kichwani! Ukumbi hulipuka kwa sababu unaona kata za kike zikivuliwa moja baada ya nyingine mbele ya macho yake.

Upande wa pili uko Takarazuka, kundi la maigizo la wanawake watupu. Kobayashi Ichizo, tajiri wa reli, alitaka abiria wafike mji wa Takarazuka, mwisho wa njia yake, akaanzisha kundi la wasichana mwaka 1913. Mwaka uliofuata likapanda jukwaani. Otokoyaku wake, wanawake wanaocheza wanaume, nao wana kata zao. Mchoraji wa katuni Tezuka Osamu alikulia mji huohuo, na mwaka 1953 akaanza kumchora binti mfalme mwenye moyo wa kike na wa kiume. Baadaye akaja Oscar, mhusika wa katuni za Ikeda Riyoko, mwanamke aliyelelewa kiume Ufaransa ya mapinduzi. Takarazuka ikamchukua mwaka 1974. Na Goku wa Dragon Ball mnayemshangilia, mtoto na mtu mzima, sauti yake ya Kijapani tangu 1986 ni ya mwanamke, Nozawa Masako.

Msimamo wangu unayumba kwa onnagata mmoja tu, Yoshizawa Ayame (1673–1729). Maneno yake, yaliyoandikwa na mtu mwingine, yanasema onnagata lazima aishi kike hata nje ya jukwaa, na akitajiwa mke wake aone haya. Mke alikuwa naye, na wanawe wakawa waigizaji. Wenzangu husema ilikuwa mbinu ya kazi, basi. Mimi naona mtu anayekula, anayeketi na anayesema kwa kata miaka nenda miaka rudi hawezi kufungwa kwenye neno "kazi", na majina yetu ya leo nayo hayamwenei. Kwa Ayame sioni mstari ulipo kati ya ufundi na mtu, na sidhani yeye aliuhitaji.