Namba Moja Kabla ya Mechi ya Kwanza: Maana ya Orodha ya 25 Bora katika Kikapu cha Vyuo vya Marekani

Kila Oktoba, wiki chache kabla msimu wa mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani haujaanza, shirika la habari la Associated Press hutoa orodha ya timu 25 bora za wanaume. Hakuna mechi iliyochezwa, hakuna aliyeshinda wala aliyefungwa, lakini tayari yupo namba moja, yupo namba mbili, na wapo walioachwa nje wanaonung'unika. Binamu yangu, mtu wa soka tangu utotoni, aliiangalia orodha hiyo kwenye simu yangu akauliza, "Sasa hawa wanaongoza kwa pointi walizozipata wapi?"

Wamezipata kwa waandishi. Waandishi na watangazaji wa michezo kama 60 hivi, waliotawanyika Marekani nzima, kila mmoja anaandika timu zake 25 kwa mpangilio. Timu anayoiweka juu kabisa inapata pointi 25, ya pili 24, ya tatu 23, hivyo hivyo hadi ya mwisho inayoambulia 1. Pointi zinajumlishwa, orodha inapatikana. Kama wapiga kura 60 wote wangeipa timu moja nafasi ya kwanza, ingekuwa na pointi 1,500. Chini ya orodha huwa kuna mstari wa timu nyingine zilizopata kura lakini hazikutosha, na mashabiki wa vyuo vidogo huanza kusoma hapo. Msimu ukianza, kura hupigwa upya kila wiki na matokeo hutoka Jumatatu.

Utaratibu huu ni wa tangu 1949. Wakati huo zilitajwa timu 20, baadaye zikapunguzwa kuwa 10 kwa miaka kadhaa, na 25 za sasa zilianza msimu wa 1989-90. Makocha nao wana orodha yao, ila mtu akisema tu "timu iliyo namba nne", kwa kawaida anaisema ya AP.

Anayetoka kwenye soka ataona ni mchezo wa kuigiza. Kwetu msimamo wa ligi unajieleza: umeshinda, una pointi tatu, uko juu. Lakini vyuo vya daraja la kwanza Marekani ni zaidi ya 360, na kila kimoja hucheza mechi 30 hivi tu kabla ya mashindano ya mtoano ya Machi, yanayotoa bingwa wa taifa mapema Aprili. Wengi wao hawatakutana kamwe. Vimegawanyika katika ligi zao, kama ACC au Big East, na ligi hizo hupamba moto kuanzia Januari. Novemba na sehemu kubwa ya Desemba ni mechi za nje ya ligi: timu kubwa inamwalika mdogo nyumbani kwake na kumlipa, au timu nane zinakusanywa Hawaii au Portland kwa siku tatu nne. Katika mchanganyiko wa namna hiyo msimamo mmoja wa kweli hauwezekani, kwa hiyo maoni ya watu ndiyo yanayoziba pengo.

Oktoba mpiga kura ana nini mezani? Wachezaji waliobaki, jina la kocha, sifa za vijana wanaotoka sekondari, na wachezaji waliohama kutoka vyuo vingine. Hili la mwisho limeharibu hesabu za wengi. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo bila kukaa nje msimu mzima, na sasa timu inaweza kubadilisha nusu ya kikosi wakati wa kiangazi. Vijana wapya ndio kitendawili zaidi. Msimu wa 2024-25 Duke waliwekwa kwenye kumi bora huku wakiwategemea watoto ambao hawakuwa wamecheza hata dakika moja ya kikapu cha chuo, mmoja wao Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Kampala. Tarehe 12 Novemba walifungwa na Kentucky 77-72. Aprili walikuwa miongoni mwa timu nne za mwisho.

Kwa hiyo orodha ya kabla ya msimu ni utabiri. Tatizo ni kwamba inachapwa kama msimamo, na macho yetu yamezoea kuuamini msimamo.

Kisa ninachokipenda kuhusu jambo hili ni cha Novemba 2022. North Carolina walikuwa namba moja, na sababu ilionekana wazi. Aprili ya mwaka huo walifika fainali, wakaongoza kwa pointi 15 hadi mapumziko, kisha wakapoteza kwa Kansas 72-69. Wanne kati ya watano wao wa kuanza walirudi chuoni. Mpiga kura gani angewaacha? Kulikuwa na jambo moja ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelipa uzito: timu hiyo hiyo, kabla ya mbio zake za Machi, ilikuwa ya kawaida tu, kiasi kwamba iliingia kwenye mtoano ikiwa imepangwa namba nane katika kanda yake. Wapiga kura walizikumbuka wiki tatu tamu wakaisahau miezi minne.

Wiki ya sikukuu ya Shukrani walikwenda Portland kwenye mashindano ya timu nane. Waliwafunga wenyeji Portland 89-81, kwa jasho. Kisha Iowa State wakawafunga 70-65. Siku ya mwisho walicheza na Alabama mechi ambayo dakika 40 hazikuitosha: walikwenda muda wa nyongeza mara nne na kupoteza 103-101. Jumatatu orodha mpya ikatoka na namba moja alikuwa ameporomoka hadi namba 18. Wiki iliyofuata walifungwa na Indiana, kisha Virginia Tech, wakatoka kabisa kwenye 25. Walimaliza na ushindi 20 na vipigo 13, na hawakuitwa kwenye mtoano wenyewe. Tangu mashindano hayo yapanuliwe kuwa ya timu 64 mwaka 1985, hakuna namba moja wa kabla ya msimu aliyekuwa amewahi kukosa nafasi.

Utamu wa kisa uko upande wa pili wa ratiba ya Portland. UConn walikuwa huko pia, na wao Oktoba hawakuwemo kwenye 25 bora. Waliwafunga Oregon 83-59. Wakawafunga Alabama, hao hao waliowachosha North Carolina, 82-67. Fainali wakawafunga Iowa State 71-53. Kwa wale wawili waliowashinda namba moja, timu iliyokuwa nje ya orodha ilishinda kwa tofauti ya pointi 15 na 18. Aliyetazama siku hizo nne kwa makini alishaelewa. UConn wakashinda mechi 14 za mwanzo, wakapanda hadi namba mbili, wakayumba vibaya Januari, kisha Machi wakawa hawashikiki: mechi sita za mtoano, na ushindi mwembamba kuliko yote ulikuwa wa pointi 13. Aprili 2023 waliwafunga San Diego State 76-59 katika fainali, na mchezaji bora wa hatua ya timu nne za mwisho akawa Adama Sanogo, kijana wa Mali. Na wao hawakuwa wa kwanza kutwaa ubingwa bila kuwemo kwenye orodha ya Oktoba. Syracuse walifanya hivyo 2003, Florida 2006, na UConn wenyewe 2011.

Hapo wengi huhitimisha kwamba orodha ya Oktoba ni porojo. Mimi sikubali, na msimu ambao Watanzania wanaufahamu unanisaidia. Mwaka 2008-09, namba mbili kabla ya msimu ilikuwa UConn ya Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, mita 2.21, aliyekuwa akizuia mitupo chini ya kikapu kama mtu anayefukuza inzi. Namba moja walikuwa North Carolina, na safari hiyo kila mpiga kura aliwapa nafasi ya kwanza, jambo lililokuwa halijawahi kutokea katika kura ya kabla ya msimu. Mapema Desemba North Carolina waliwafunga Michigan State 98-63 Detroit. Januari wakapoteza mechi mbili za mwanzo za ligi yao na watu wakaanza kuwacheka. Aprili, katika uwanja ule ule wa Detroit, dhidi ya Michigan State wale wale, walishinda 89-72 wakachukua ubingwa. Michigan State walifika fainali hiyo baada ya kuwatoa UConn ya Thabeet 82-73. Kura ya Oktoba iliwaona mabingwa, na iliiona pia timu moja ya nusu fainali ikiwa namba mbili.

Hata watu wa takwimu hawaitupi. Nate Silver na wenzake wa tovuti ya FiveThirtyEight, walipokuwa wakikokotoa nafasi za timu kwenye mtoano wa Machi, walizichanganya orodha za kabla ya msimu katika hesabu, ingawa kufikia wakati huo kila timu ilikuwa na mechi zaidi ya 30 mkononi. Mantiki yake ni hii: mechi 30 ni chache, zina bahati nyingi ndani yake, na maoni ya Oktoba yanabeba habari kuhusu vipaji ambayo matokeo yanaweza kuificha kwa muda. Ken Pomeroy, mtaalamu wa hali ya hewa aliyegeukia kikapu, hufanya kitu kinachokaribiana. Mfumo wake, maarufu kama KenPom, hupima timu inafunga na kufungwa pointi ngapi kwa kila mashambulizi 100, ikizingatia ubora wa mpinzani. Msimu unapoanza hutumia makadirio, na kadiri mechi zinavyoongezeka makadirio hayo hupunguzwa uzito kidogo kidogo.

Kamati inayochagua timu 68 za Machi ina kipimo chake kingine, NET, kilichoanza kutumika 2018-19. Hiki hakibebi makadirio yoyote, hivyo huwekwa hadharani wiki kadhaa baada ya msimu kuanza, na toleo lake la kwanza mara nyingi huwa na timu za ajabu huko juu. Kitu chake cha kujifunza ni namna kinavyothamini mahali. Kumfunga nyumbani timu iliyo ndani ya 30 bora, kumfunga kwenye uwanja huru aliye ndani ya 50, na kumfunga ugenini aliye ndani ya 75, vyote vinawekwa kwenye fungu moja la juu. Kwa hiyo ukiona Novemba timu imeshinda kwa pointi 40, kabla hujashangilia angalia ilikuwa nyumbani kwa nani, na kama mgeni alilipwa kuja.

Kwa sababu wageni hulipwa kweli. Mwaka 2019 Kentucky waliwalipa Evansville dola 90,000 waje kwenye uwanja wao wa Rupp Arena, na tarehe 12 Novemba Evansville wakashinda 67-64. Kentucky walikuwa namba moja siku hiyo. Nafasi hiyo walikuwa wameipata siku moja tu kabla, kwa kuwa wiki iliyotangulia waliwafunga Michigan State walioanza msimu wakiwa namba moja. Duke wakapanda. Tarehe 26 Novemba, nyumbani kwao, Stephen F. Austin waliwabana hadi muda wa nyongeza, 83-83, sekunde zinayoyoma. Duke wakapoteza mpira, Nathan Bain akaupokea akakimbia nao uwanja mzima na kuuweka kikapuni kengele ikilia. Duke walikuwa wameshinda mechi 150 mfululizo nyumbani dhidi ya timu za nje ya ligi yao. Louisville wakapanda, wakafungwa na Texas Tech. Kansas wakapanda, wakafungwa na Villanova siku nne kabla ya Krismasi.

Vichwa vya habari vilisema msimu umechanganyikiwa. Lakini zitazame timu hizo tano zilizopokezana kiti: Michigan State, Kentucky, Duke, Louisville, Kansas. Ndizo tano za juu kwenye orodha ya kabla ya msimu, zote, hakuna hata moja ya nje. Aliyefungwa alishushwa, wa chini yake akasogezwa. Hivi ndivyo wapiga kura wengi wanavyofanya kazi: wanairekebisha orodha ya wiki iliyopita, hawaiandiki upya. Ndiyo maana mahali timu inapoanzia Oktoba huiganda hadi Desemba, kwa mazuri na kwa mabaya, na aliyeanza nje kama UConn lazima afunge watu wengi zaidi ili aonekane.

Na Evansville? Baada ya usiku ule wa Rupp Arena walirudi kwenye ligi yao ya Missouri Valley, wakacheza mechi 18, wakafungwa zote 18. Kentucky waliofedheheka walichukua ubingwa wa ligi ya SEC. Tarehe 12 Machi 2020 mtoano ukafutwa kwa sababu ya korona, na msimu ukaisha bila bingwa wa taifa. Kilichobaki mwishoni ni orodha ya AP, na juu yake wamekaa Kansas, namba tatu wa Oktoba.