Fibrinolisisi: donge la damu linapoyeyuka kabla ya wakati kwa mgonjwa wa amiloidosisi

Mshipa ukichanika, chembe sahani na nyuzi za fibrini huziba tundu. Kidonda kikipona, donge hilo huyeyushwa, na kazi hiyo ndiyo fibrinolisisi. Plasminojeni iliyomo kwenye damu hugeuzwa kuwa plasmini na vichocheo viwili, tPA na urokinasi, kisha plasmini hukatakata fibrini. Breki yake kuu ni antiplasmini, protini itokayo kwenye ini.

Amiloidosisi ni ugonjwa ambamo protini mbovu hujikunja kuwa nyuzi, yaani amiloidi, zinazorundikana kwenye viungo. Kwa baadhi ya wagonjwa wa amiloidosisi ya mwili mzima, hasa aina ya AL, ambayo protini yake hutoka kwenye seli za plasma za uboho, breki hiyo hulegea: vichocheo huzidi na antiplasmini hutumika hadi ikapungua. Mgonjwa hukatwa kinyama cha kupimwa, damu hukoma vizuri, halafu saa kadhaa baadaye bandeji inalowa. Donge lilijengwa, likabomolewa.

Hapa ndipo wengi hupotea. PT na aPTT, vipimo vya kawaida vya muda wa damu kuganda, hupima donge linavyoanza kuganda, si linavyodumu. Zikiwa sawa na chembe sahani zikitosha, fibrinolisisi bado yaweza kuwa kali. Omba kiwango cha antiplasmini, au kipimo kinachochora uimara wa donge. Kwenye ROTEM, mojawapo ya vipimo hivyo vya kuchora, mchoro hupanuka kama kawaida, kisha husinyaa. Uimara ukishuka zaidi ya 15% ndani ya saa moja, shuku. Sampuli ikitiwa aprotinini, dawa inayozuia plasmini, na mchoro usisinyae tena, jibu umelipata.

PT ikiwa ndefu, tafuta upungufu wa faktari X, protini ya kugandisha damu, kwani nyuzi za amiloidi huinasa, na hata ile ya kuongezewa hutoweka upesi. Weusi kuzunguka macho ni jambo jingine: mishipa yenyewe imekuwa dhaifu.

Asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia donge lisiyeyuke, huzuia plasminojeni isishike fibrini. Lakini hutolewa na figo, na figo ndizo amiloidi hupenda kuziharibu, kwa hiyo dozi ipunguzwe kulingana na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo. Ikirundikana huleta degedege. Anayepoteza protini nyingi kwenye mkojo hupoteza pia antithrombini, protini inayozuia damu kuganda ovyo, na moyo wenye amiloidi huweza kuficha donge, kwa hiyo mgonjwa yuleyule anayevuja damu anaweza kuganda pasipotakiwa. Akikojoa damu inayotoka figoni, dawa hii yaweza kuacha donge likaziba mrija wa mkojo. Chanzo hutibiwa kwa kuzima seli za plasma za uboho zinazotengeneza protini hiyo mbovu.